Kukusanya Msimbo wa Mtu Mwingine

Katika kitivo chetu tunafundishwa kusoma maandishi ya kila aina: mashairi, masimulizi ya wazee, barua za wamisionari, magazeti ya zamani. Kuna aina moja ambayo haimo katika mpango wa masomo yetu, ijapokuwa tunaitegemea kila siku: msimbo chanzo wa programu za kompyuta. Nayo ni maandishi kamili. Yana mwandishi, yana sarufi, yana mtindo, na pembeni yana maelezo ambamo mwandishi anazungumza na msomaji asiyemjua. Tofauti ni kwamba maandishi haya yana wasomaji wawili, binadamu na mashine, na huyu wa pili hasamehi hata nukta iliyosahauliwa.

Ninaandika habari hii kama mwanafunzi wa lugha, si kama fundi. Nilipoanza kazi nitakayoisimulia, nilikuwa nimejifunza lugha ya C kwa wiki chache tu, jioni, katika kitabu cha kuazima. Sikuweza kuandika programu yenye kufaa mtu. Lakini niligundua kwamba kabla ya kuandika, mtu anaweza kuchukua msimbo ulioandikwa na mwingine, akaukusanya hadi ukawa programu inayofanya kazi, na katika njia hiyo akajifunza mengi, hata juu ya Kiswahili chenyewe.

Tuanze na neno. Wenzetu wa informatiki hapa Lubumbashi husema «kukompile», kutoka Kifaransa. Kifaransa kimelitoa katika Kilatini, ambako kitenzi compilare kilikuwa na maana ya kupora. Katika kompyuta neno hili lililetwa na Mmarekani Grace Hopper, aliyetengeneza programu iliyoitwa A-0 kwa ajili ya mashine ya UNIVAC I, mwaka wa 1951 na 1952. Programu yake ilichukua vipande vya maagizo vilivyokwisha kuandikwa na kuhifadhiwa, ikavipanga pamoja kuwa kazi moja. Ilikuwa inakusanya kwa maana halisi. Baadaye maana ilipanuka: leo kikusanyi ni programu inayofasiri msimbo wa binadamu kuwa maagizo ya mashine. Hata hivyo Kiswahili hakipotezi kitu kwa kusema «kukusanya». Tunakusanya kuni, tunakusanya watu, tunakusanya maneno ya kamusi, na kila mara tunajua kwamba kitu kimoja kikikosekana, mkusanyo haukamiliki. Ndivyo ilivyo hapa pia.

Sababu ya kuingia katika kazi hii ilikuwa ndugu mmoja wa promosio yetu ambaye haoni. Anasoma kwa kompyuta yenye kisoma-skrini: mashine inayachukua maandishi na kuyasema kwa sauti. Kazi yake ya mwisho wa masomo ilihusu masimulizi ya wazee wa Katuba, na ilijaa majina ya watu. Hapo ndipo taabu ilipoanzia. Sauti ya Kiswahili ya mashine yake inasoma kila herufi kwa kanuni ya Kiswahili. Kwa «Ilunga», «Mwamba» au «Banza» hakuna shida. Lakini wazee wetu wana majina mawili au matatu, na moja mara nyingi ni la ubatizo, lililoandikwa kwa Kifaransa. Mashine ilisema «Je-an» kwa Jean, ikaitaja kila irabu ya Marie, na kwa Monique ikakwama katika ile q ambayo Kiswahili hakina. Ukurasa wenye majina kumi ulikuwa kelele tupu.

Matokeo yake ni kwamba hakuweza kuisahihisha kazi yake mwenyewe. Alihitaji mtu wa kumsomea, na sisi wasomaji wake tulikuwa na kozi zetu, foleni zetu za basi, na nyumba zetu za mbali. Siku ya kuweka kazi ilikuwa inakaribia. Nilipomwambia kwamba labda tungetafuta sauti nyingine, nzuri zaidi, alinijibu: «Mimi sitafute sauti ya muzuri. Natafuta sauti yenye inaita watu vile wanajiita.»

Programu iliyokuwa inasema ndani ya mashine yake inaitwa eSpeak NG. Historia yake ni fupi. Mwingereza Jonathan Duddington aliianza mwaka wa 1995 kwa kompyuta za Acorn, akaiita «speak» tu. Baadaye akaiandika upya na kuiita eSpeak. Mwishoni mwa mwaka wa 2015 Reece Dunn alianzisha tawi jipya, eSpeak NG, ambalo linaendelezwa na watu wengi wa nchi nyingi. Sauti yake ni ya kimashine, kwa kuwa haitokani na rekodi ya mtu anayesoma. Irabu zinatengenezwa kwa hesabu za mawimbi. Faida yake ni kwamba programu nzima na lugha zake zote inachukua megabaiti chache, ikafanya kazi hata katika kompyuta iliyochoka. Faida kubwa zaidi kwetu ni kwamba msimbo wake uko wazi. Leseni yake, GPL ya toleo la tatu, inamruhusu yeyote kuusoma, kuubadilisha na kuugawa, mradi anayempa mwingine programu ampe pia msimbo na ruhusa hiyohiyo.

Yaya mmoja, msaidizi katika kitivo jirani, alinipa msimbo wa toleo la 1.51, la mwaka 2022, katika flashi, ili nisimalize mega zangu. Nikafungua folda. Mtu aliyezoea vitabu hutafuta ukurasa wa kwanza, lakini msimbo hauna ukurasa wa kwanza. Una mafaili mengi, kila moja likimwita mwenzake. Kinachochukua nafasi ya dibaji ni faili moja la maelezo, ambalo kila mradi huwa nalo, na ndani yake kuna orodha ya zana zinazohitajika na amri za kufuata. Katika toleo hilo amri kuu zilikuwa tatu. Ya kwanza, autogen, inatengeneza hati ya ukaguzi. Ya pili, configure, ndiyo ukaguzi wenyewe: inauliza mashine yako kama ina kikusanyi cha C, kama ina maktaba hii na ile. Ya tatu, make, inakusanya.

Zana hazikuwemo katika mashine yangu, kwa sababu kompyuta ya kawaida inakuja na programu zilizokwisha kukusanywa, kama mtu anayenunua unga bila kuwa na kinu nyumbani. Basi ukaguzi ulisimama mara kadhaa, kila mara na ujumbe. Na hapa mwanafunzi wa lugha anaona jambo la kuchekesha. Mfumo wangu uko katika Kifaransa, kwa hiyo baadhi ya zana zililalamika kwa Kifaransa: «Aucun fichier ou dossier de ce type». Nyingine hazijui ila Kiingereza. Katika skrini moja nilikuwa na malalamiko ya lugha mbili juu ya kukosekana kwa kitu kimoja, nami nilikuwa nayafasiri kichwani kwa lugha ya tatu.

Yaya alinifundisha namna ya kuyasoma. «Mudogo, mashine haikutukane. Inakuambia tu kitu chenye inakosa. Na usisome mustari wa mwisho. Panda juu, tafuta malalamiko ya kwanza.» Ushauri huu una thamani kuliko sura nzima ya kitabu. Kosa moja la mwanzo huzaa mistari hamsini ya makosa, na ile ya mwisho, iliyo karibu na macho, mara nyingi ni mjukuu wa mjukuu. Nikawa nasoma kutoka juu, natafuta jina la kitu kilichokosekana, nakiweka, naanza tena. Katika lugha tunafanya hivyohivyo tunapokutana na sentensi isiyoeleweka: hatuanzi na kikomo, tunarudi hadi neno la kwanza lililotutoka.

Ukaguzi ulipopita, make ilianza. Mchakato huu una hatua mbili ambazo ningependa wenzangu wazielewe, maana zinafanana na kitu tunachokijua. Kwanza, kila faili la C linafasiriwa peke yake. Ndani ya faili moja mwandishi anaweza kuita kazi iliyofafanuliwa katika faili jingine. Kikusanyi kinaikubali kwa ahadi, kinaacha nafasi wazi, kinaendelea. Ni sawasawa na Kiswahili tunaposema «kimevunjika». Kiambishi ki- kinatuambia ngeli, tunajua ni kitu cha aina gani, lakini kiti, kikombe au kisu? Jina liko katika sentensi nyingine. Hatua ya pili ni ya kuunganisha: programu nyingine inapita katika vipande vyote na kutafuta kila ahadi ilikotimizwa. Isipopata, inakataa, na inasema kuna rejeo lisilofafanuliwa. Mwalimu wa sarufi angesema: kuna kiambishi kisicho na nomino. Mtu aliyesoma upatanisho wa ngeli kwa mwaka mmoja ameshaelewa nusu ya kazi ya kiunganishi.

Baada ya C ilifika zamu ya lugha. Majina yalipita katika skrini moja baada ya jingine, maana programu hukusanya kamusi ya kila lugha, na kwa zaidi ya lugha mia. Nilisubiri sw, nikaiona, nikafurahi. Kisha nikarudi kuangalia orodha kwa utulivu. Lugha za Kibantu zimewekwa katika folda yao, bnt, na ndani yake kuna mafaili mawili: sw, yaani Kiswahili, na tn, yaani Kitswana. Basi. Katiba yetu ya mwaka 2006 inataja lugha nne za taifa: Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba. Katika toleo nililolikusanya, moja tu kati ya hizo nne ina sauti. Lakini Klingon imo, lugha iliyobuniwa kwa ajili ya filamu. Quenya na Sindarin, lugha za riwaya za Tolkien, zimo pia. Si kwa ubaya wa mtu. Zimo kwa sababu kuna waliokaa chini wakaziandikia kanuni. Mamilioni wanasema Lingala kila asubuhi, lakini hakuna aliyekaa chini.

Nikafungua mafaili ya Kiswahili. Hapo niliacha kuwa mgeni. Faili la kwanza, sw_rules, ni kanuni za kugeuza herufi kuwa sauti. Kila mstari una herufi upande mmoja na fonimu upande wa pili, na mabano yanaonyesha mazingira: kinachotangulia na kinachofuata. Ni fonolojia ileile ya ubao wa darasani, isipokuwa alama zimerahisishwa ili ziandikike kwa kibodi ya kawaida: S kubwa kwa sauti ya sh, N kubwa kwa ng', D kubwa kwa dh. Faili la pili, sw_list, ni orodha ya tarakimu na maneno yasiyofuata kanuni. Na katika msimbo wa C, kanuni ambayo walimu wetu wameirudia tangu shule ya msingi, kwamba mkazo wa Kiswahili huwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, imeandikwa kwa mstari mmoja: STRESSPOSN_2R, nafasi ya pili kutoka kulia. Mtu wa mbali alisoma sarufi yetu, akaihifadhi kwa herufi chache, na tangu siku hiyo kila neno la Kiswahili linalotoka katika mashine hizo linapita katika mstari huo.

Programu ina amri moja ambayo ningependa iingie katika kozi ya fonolojia. Ukiipa neno pamoja na alama -X, haitoi matamshi tu. Inaonyesha kanuni zilizoshindana kwa kila herufi, na ile iliyoshinda. Nikaandika Jean, nikaona kwa macho jinsi «Je-an» ilivyozaliwa: j kwa kanuni ya j, e kwa e, a kwa a, n kwa n. Mashine haikukosea. Ilitii sarufi ya Kiswahili kwa uaminifu kamili, juu ya neno ambalo halikuandikwa kwa sarufi hiyo.

Dawa ilikuwepo tayari. Waandishi wa eSpeak NG wameacha nafasi kwa faili la nyongeza, sw_extra, ambamo mtumiaji anaandika maneno yake mwenyewe. Kisha anakusanya kamusi upya kwa amri moja. Kwa maneno yetu kulikuwa na njia mbili. Njia ya kwanza: kuweka alama inayosema «neno hili lisomwe kwa Kifaransa», na mashine inabadili lugha kwa neno hilo tu. Njia ya pili: kuandika matamshi yenyewe kwa fonimu za Kiswahili. Mtu wa informatiki angechagua iliyo fupi. Sisi tulikaa juu ya swali hili jioni mbili, kwa sababu si swali la kompyuta. Ni swali la darasa la isimu-jamii: Jean wa Katuba ni neno la Kifaransa lililotumbukia katika Kiswahili, au limekuwa neno la Kiswahili?

Ndugu yangu hakusita. «Kwetu Katuba hakuna Monique. Kuko Mama Moniki.» Kazi yake ilikuwa masimulizi, na mashahidi wake walikuwa wamejitaja kwa midomo yao katika rekodi. Tukasikiliza rekodi hizo, jina kwa jina. Mzee mmoja alijiita «Zan», bila king'ong'o chochote cha Kifaransa. Mwingine, aliyefanya kazi ofisini maisha yake yote, alisema Jean kama Mparisi. Basi yule wa kwanza aliandikiwa fonimu za Kiswahili, na yule wa pili alipewa alama ya Kifaransa. Na kwa kuwa mashine haiwezi kutofautisha majina mawili yenye tahajia moja, tuliyaunganisha kila moja na jina la pili la mwenyewe. Tulipomaliza tulikuwa na majina 43. Tumesoma nadharia za ukopaji wa maneno kwa miaka. Sikuwahi kulazimika kuamua mara arobaini na tatu, mstari kwa mstari, huku mtu anasubiri kusikia.

Kazi hii ilinikumbusha maandishi ambayo wengi wetu tunayajua: Vocabulaire de ville de Elisabethville ya mwaka 1965, historia ya mji wetu iliyoandikwa kwa Kiswahili cha hapa na André Yav kwa ajili ya waliokuwa watumishi wa nyumbani. Maneno yake hayakatwi kama tunavyoyakata shuleni, na anayeyatazama kwa macho tu hupotea. Johannes Fabian, alipoyachapisha mwaka wa 1990, alisaidiwa na Kalundi Mango, aliyeyasoma kwa sauti. Na kwa kusikika, maana ilijitokeza. Kuna maandishi yanayongoja sauti ili yawe kamili. Msimbo unangoja kikusanyi. Kazi ya ndugu yangu, kwake yeye, ilikuwa inangoja sauti inayojua majina.

Kamusi ilipokusanywa nilimpelekea. Aliandika majina mawili, akasikiliza, akaandika la tatu, la mama yake. Hakusema kitu kwa muda. Kisha akaniomba niende nyumbani, kwa sababu alikuwa na kurasa nyingi za kusahihisha. Kwa usiku tatu, umeme ulipokuwepo, alijisomea kazi yote peke yake. Alikuta mahali pawili ambapo mchapaji alikuwa amebadilisha Jean na Jeanne, hata ushuhuda wa mwanamke juu ya kujifungua ukawa umewekwa mdomoni mwa mwanaume. Zamani, majina yote yalipokuwa kelele, sikio lake lilikuwa limezoea kuyaruka. Sasa lilishtuka. Alisahihisha mwenyewe, akaiweka kazi kwa wakati, akaitetea.

Tulijiuliza kama tuwatumie waandishi wa programu majina yetu yaingie katika kamusi ya wote. Tuliamua hapana. Msomaji wa Zanzibar au wa Mombasa hana deni la kusikia Jean kwa sauti ya Katuba, na faili la nyongeza lipo kwa ajili hiyo, kila mahali pawe na desturi yake bila kumlazimisha jirani. Lakini tumeiacha nakala yetu wazi kwa yeyote wa kitivo. Anayefanya kazi juu ya Likasi au Kolwezi anaweza kuongeza majina ya kwao, akakusanya, akampa mwingine.

Limebaki jambo kubwa zaidi. Lingala na Tshiluba ni lugha za toni, na toni haiandikwi katika maandishi ya kila siku. Anayetaka kuzipa sauti hatashindwa na C. Msimbo wa C umekwisha kuandikwa, na lugha nyingine za toni zimo ndani yake tayari. Atahitaji kujua toni iko wapi, inabadilika lini, na kitenzi kinafanya nini katika wakati uliopita. Maarifa hayo hayako kwa wahandisi. Yako katika madaftari ya kozi zetu, na katika kazi za mwisho wa masomo zinazokaa kabatini. Nakala ya msimbo ninayo katika flashi, pamoja na karatasi moja ya amri niliyoiandika kwa Kiswahili. Mwenye Tshiluba, Lingala au Kikongo ya nyumbani, na jioni mbili tatu za bure, anitafute. Tutaanza na irabu.